Mhadhiri wa Jioni na Hesabu za Gesijoto

Kilo moja ya gesi ya R-410A ikivuja kwenye kiyoyozi cha ofisi, athari yake kwa joto la dunia katika kipindi cha miaka 100 ni sawa na ya tani 1.9 za kaboni dioksidi. Ili kutoa kaboni dioksidi kiasi hicho kwa jenereta, mtu angelazimika kuchoma takriban lita 700 za dizeli. Fundi anayeitwa kila AC inapoacha kupoza huja na mtungi wake, hujaza gesi, huandika ankara na kuondoka. Mhasibu hulipa na kuiingiza kwenye fungu la matengenezo. Dizeli ina daftari, ina mtunza bohari, na ina bosi anayeuliza imeishaje. Gesi ya kiyoyozi haina anayeiulizia.

Mwanafunzi wa uhasibu wa gesijoto hukutana na mfano wa aina hii mapema katika masomo yake, na mara nyingi anayemfundisha si profesa wa kudumu. Ni mtu aliyeshinda mchana kutwa katika wizara, kampuni ya ushauri au kitengo cha mazingira cha kiwanda, akaingia darasani jioni na mkoba wenye majedwali aliyokuwa akiyahangaikia saa chache tu kabla. Chuo humwita mhadhiri wa muda. Hana ofisi pale, jina lake halipo mlangoni, na mkataba wake huisha muhula ukiisha. Hata hivyo, taaluma nzima ya kuhesabu gesi zinazoipasha dunia joto imemwegemea yeye.

Sababu ya kwanza ni umri wa somo lenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi ulipitishwa mwaka 1992, na ndio uliozitaka nchi ziorodheshe gesi zinazotoa. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilitoa miongozo yake iliyorekebishwa mwaka 1996, kisha mwaka 2006 likatoa miongozo mipya ya juzuu tano ambayo nchi zinaitumia hadi leo, pamoja na maboresho ya mwaka 2019. Kwa upande wa makampuni, kanuni za GHG Protocol zilitoka mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2004, nacho kiwango cha kimataifa cha ISO 14064 kikafuata mwaka 2006. Msomi aliyehitimu shahada ya uzamivu mwaka 1995 hakuwa na darasa la kujifunzia mambo haya. Waliokuja kuyajua vizuri ni wale walioagizwa kuyafanya: watumishi wa serikali waliokusanya hesabu za taifa, wahandisi wa nishati na wakaguzi.

Michael Gillenwater ni mmoja wao. Alifanya kazi katika hesabu za gesijoto za taifa la Marekani akiwa kwenye shirika la serikali la mazingira, EPA, na mwaka 2007 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Greenhouse Gas Management Institute, taasisi inayofundisha kazi hii kwa watu wa nchi nyingi. Njia aliyopita ndiyo waliyopita walimu wengi wa fani hii: kazi kwanza, ualimu baadaye.

Mipaka kabla ya tarakimu

Kabla ya mtu kugusa kikokotoo, darasa hujadili mipaka. Kanuni za GHG Protocol zinagawanya hesabu ya taasisi katika wigo tatu. Wigo wa kwanza ni gesi zinazotoka kwenye mali ya taasisi yenyewe: magari yake, jenereta yake, viyoyozi vyake. Wigo wa pili ni umeme inaoununua. Wigo wa tatu ni vyote vinavyobaki katika mnyororo wa shughuli zake, kuanzia karatasi na saruji inayonunua hadi safari za ndege za wafanyakazi na taka inazotupa, na umegawanywa katika makundi 15.

Vyuo vikuu viwili vinatosha kuonyesha uzito wa suala hili. Chuo Kikuu cha Cape Town kilipohesabu gesi zake za mwaka 2007 kilipata takriban tani 83,400, sawa na tani 4 kwa kila mwanafunzi. Asilimia 81 ilitokana na nishati iliyotumika chuoni, usafiri ukachukua asilimia 18, na bidhaa na huduma asilimia 1 tu. Chuo cha De Montfort cha mjini Leicester, Uingereza, kilipopiga hesabu ya mwaka wa masomo 2008/09 kikijumuisha kila kinachonunua, kilikuta asilimia 79 ya gesi zake ziko katika wigo wa tatu.

Anayetazama tarakimu hizi haraka atadhani wa Cape Town hawanunui kitu. Tofauti imetokana na mambo mawili. Umeme wa Afrika Kusini huzalishwa kwa sehemu kubwa sana na makaa ya mawe, kwa hiyo kila taa inayowashwa ina mzigo mkubwa. Pili, De Montfort kilipanua mpaka hadi kwenye ununuzi wa kila aina, ilhali orodha ya bidhaa ya Cape Town ilikuwa fupi. Taasisi inayotangaza wigo wa kwanza na wa pili peke yake inafanana na mwenye duka anayehesabu fedha za droo na kuliacha daftari la madeni chini ya kaunta. Fedha za droo ni za kweli, ila duka hulijui bado.

Mhadhiri aliyewahi kukaa na meneja anayetaka mpaka uwe mfupi kadiri iwezekanavyo hulifundisha jambo hili kwa namna ambayo kitabu hakiwezi. Anajua maneno yanayotumika katika kikao hicho, na anajua swali la kuuliza: nani anaamua kifaa hiki kinunuliwe, na nani anaamua kizimwe?

Kazi ya risiti

Hesabu yenyewe ni kuzidisha. Takwimu ya shughuli, kwa mfano lita za dizeli, huzidishwa kwa kizidishio cha utoaji, yaani kiasi cha gesi kinachotoka kwa kila lita. Kwa dizeli, vipimo vya IPCC vinatoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi kwa lita. Gesi nyingine hugeuzwa kuwa kipimo cha kaboni dioksidi: kwa viwango vya ripoti ya tano ya IPCC, ambavyo ndivyo nchi zimekubaliana kuripoti navyo chini ya Mkataba wa Paris, methani ya kilo moja huhesabiwa kama kilo 28, na nitrasi oksaidi kama kilo 265. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzidisha hivyo. Ugumu upo kwenye kuipata takwimu ya kuzidisha.

Dereva analeta risiti zenye kiasi cha fedha bila lita. Hapo mwanafunzi wa Dar es Salaam anafundishwa kufungua matangazo ya EWURA, mamlaka inayotoa bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, atafute bei ya mji na mwezi husika, kisha agawanye. Mwenzake wa Nairobi hutumia bei za mamlaka ya Kenya, EPRA, zinazotangazwa katikati ya mwezi. Matokeo ni makadirio, na kanuni inamtaka aandike wazi kwamba ni makadirio na ameyapataje. Risiti za LUKU, umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, zina nafuu zaidi kwa sababu zinaonyesha uniti zilizonunuliwa, ila uniti zilizonunuliwa Desemba zinaweza kutumika Januari, na mwaka wa hesabu umeshafungwa.

Umeme una mtego mwingine. Kizidishio cha gridi hutegemea mitambo inayoilisha, na mitambo hubadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Kizidishio cha gridi ya Tanzania kilichokokotolewa miaka ambayo gesi asilia ilibeba sehemu kubwa ya mzigo hakiwezi kuelezea miaka ya bwawa hilo. Mwanafunzi anayekopi namba kutoka ripoti ya zamani anaweza kuizidishia hoteli au kiwanda gesi zisizokuwapo. Mhadhiri anayefanya kazi katika sekta ya nishati huanza somo kwa kuuliza namba hiyo ni ya mwaka gani.

Kisha kuna mkaa. Mama lishe anapowasha jiko, kaboni dioksidi inayotoka haiingizwi kwenye jumla ya sekta ya nishati ya taifa. Methani na nitrasi oksaidi za moto huo huingizwa hapo, lakini kaboni ya mti huhesabiwa katika sekta ya ardhi na misitu, kule mti ulikokatwa. Ikihesabiwa kote kuwili, nchi itakuwa imejibebesha mzigo mmoja mara mbili. Mafuta ya meli zinazojaza Mombasa kwa safari za kimataifa nayo huandikwa pembeni, nje ya jumla ya Kenya. Kanuni za aina hii husomwa katika saa moja na kusahaulika katika wiki moja, isipokuwa mtu amekaa na majedwali na kuona tani zikiongezeka au kupotea kwa sababu ya mstari mmoja uliowekwa mahali pasipo pake.

Ng'ombe wa nani?

Miongozo ya IPCC ina ngazi tatu za ukokotoaji. Ngazi ya kwanza huipa kila nchi namba ya jumla ya kuanzia. Kwa ng'ombe wa Afrika wasio wa maziwa, miongozo ya mwaka 2006 ilitaja kilo 31 za methani kwa ng'ombe mmoja kwa mwaka, sawa na kilo 868 za kaboni dioksidi. Namba hiyo inamchukua ng'ombe wa Mmasai wa Simanjiro, wa Mhima wa Ankole na wa mfugaji wa Chad kana kwamba wanakula majani yale yale. Ngazi ya pili huhitaji takwimu za nchi: uzito wa mnyama, malisho, maziwa anayotoa. Ngazi ya tatu hutumia modeli na vipimo vya kina zaidi.

Hapa ndipo Afrika Mashariki ina hadithi yake yenyewe. Katika Kituo cha Mazingira cha taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi, watafiti walipima gesi zinazotoka kwenye kinyesi na mkojo wa ng'ombe wa Kenya. Vipimo vya nitrasi oksaidi walivyochapisha mwaka 2016 vilikuwa chini sana ya asilimia 2 ya naitrojeni iliyokuwa imewekwa na miongozo ya 2006. Mwaka 2019 IPCC, ikiwa imekusanya vipimo vingi zaidi kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ilishusha kiwango hicho cha jumla hadi asilimia 0.4. Nchi iliyotumia namba ya zamani ilikuwa ikijiandikia mara tano ya kiwango kipya kwa kinyesi kinachoangukia malishoni.

Utafiti mwingine ulikwenda upande wa pili. Mwaka 2020 watafiti waliopima maboma ya mifugo nchini Kenya walionyesha kwamba samadi iliyorundikana humo hutoa nitrasi oksaidi nyingi, na kwamba boma lililohamwa huendelea kuitoa hata baada ya miaka 40. Chanzo hicho kilikuwa kimepuuzwa. Mwaka huohuo Kenya ilitoa hesabu ya gesijoto za ng'ombe wake wa maziwa ya miaka 1995 hadi 2017 kwa ngazi ya pili. Mwanafunzi anayeziona kazi hizi pamoja anaelewa kwamba namba iliyo kitabuni iliwekwa na watu kwa vipimo walivyokuwa navyo, na kwamba yeye pia anaweza kuibadilisha akipima.

Misitu ina ushahidi wa karibu zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, watafiti walikata miti 167 ya miombo na kuipima, na kwa miti 80 wakachimbua hadi mizizi, ili wapate milinganyo ya kukadiria uzito wa mti kwa kutumia unene na urefu wake. Milinganyo hiyo ilichapishwa mwaka 2013, na mwaka 2016 kikatoka kitabu kizima cha milinganyo ya miti ya Tanzania kilichohaririwa na Malimbwi, Eid na Chamshama. Kabla ya hapo, msimamizi wa misitu alilazimika kuazima milinganyo ya kwingine na kuomba iwe inafaa.

Eliakimu Zahabu, aliyekuja kuongoza Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, NCMC, chuoni hapohapo, alikuwa ameshaonyesha jambo lingine. Katika utafiti wake wa uzamivu uliokamilika mwaka 2008, wanakijiji wa jirani na msitu wa Kitulangalo, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, walifundishwa kupima miti na kukokotoa kaboni ya msitu wao. Matokeo yao yalikaribiana na ya wataalamu, na kadiri miaka ilivyokwenda gharama ikawa ndogo kuliko ya kuleta wapimaji kutoka nje. Mafunzo hayo yalihitaji mwalimu anayejua kushika kamba ya kupimia, na ndiyo sifa ile ile anayotafutiwa mhadhiri wa jioni.

Mteja darasani

Mwalimu anayetoka sokoni huja na hatari yake, na chuo makini huitazama bila aibu. Mshauri anayelipwa na makampuni ana njia za hesabu anazoziuza. Je, atazikosoa mbele ya wanafunzi?

Mfano mzuri ni umeme wa wigo wa pili. Kampuni inaweza kununua vyeti vya umeme jadidifu na kuripoti kwamba umeme wake una gesi sifuri, ingawa waya unaoingia jengoni unatoka kwenye gridi ile ile ya jirani. Mwongozo wa GHG Protocol wa mwaka 2015 unataka taasisi zilizo kwenye masoko ya vyeti zitoe tarakimu mbili: moja kwa wastani wa gridi ya mahali, nyingine kwa mikataba na vyeti. Mwaka 2018 Matthew Brander wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, pamoja na Gillenwater na Francisco Ascui, walichapisha hoja nzito katika jarida la Energy Policy kwamba njia ya vyeti haitoi taarifa ya kuaminika kuhusu gesi za kampuni, kwa kuwa ununuzi wa cheti si lazima uongeze umeme safi kwenye gridi.

Makala hiyo iliunganisha watu wa chuo na mtu wa taasisi ya mafunzo ya kazi, na muunganiko huo ndio unaofaa kuigwa. Mwajiriwa wa kudumu ana muda wa kusoma, kupinga na kuchapisha, na hana mteja wa kumkasirisha. Mhadhiri wa muda anajua jinsi njia hiyo inavyotumika kweli, na wapi inapindishwa. Kozi inayofundishwa na wote wawili humpa mwanafunzi kanuni pamoja na ukosoaji wake.

Mazingira ya kazi hayamsaidii sana mhadhiri huyo wa muda. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki mhadhiri wa muda hulipwa kwa saa au kwa kozi. Muda wa kuandaa mazoezi, kusahihisha na kumshauri mwanafunzi wa tasnifu mara nyingi haumo kwenye hesabu hiyo, na malipo kuchelewa ni malalamiko ya kawaida. Akiondoka, huondoka na majedwali yake, na anayemfuata huanza upya. Somo linalodai kumbukumbu zitunzwe mwaka hadi mwaka linafundishwa katika mfumo usiotunza kumbukumbu za walimu wake.

Kazi zinazosubiri

Wanaohitaji ujuzi huu wanaongezeka. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha kuhusu tabianchi, IFRS S2, kilitolewa Juni 2023, na kinazitaka kampuni zitaje gesi za wigo zote tatu. Nchini Kenya, ratiba ya taasisi ya wahasibu ICPAK inayapa makampuni yenye maslahi ya umma hadi Januari 2027 kuanza kwa lazima. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kenya ikatunga zake mwaka 2024. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wamekuwa wakipokea fedha za kaboni ya misitu yao kwa miaka kadhaa, na kijiji chochote kinachoingia mkataba kama huo kinahitaji mtu wa upande wake anayeweza kusoma hesabu za mnunuzi na kuzihoji.

Chini ya Mkataba wa Paris, nchi hutoa ripoti ya uwazi kila baada ya miaka miwili. Ya kwanza ilitakiwa kufikia tarehe 31 Desemba 2024, nchi zenye maendeleo duni zikipewa unafuu wa muda, na ya pili inatakiwa kufikia tarehe 31 Desemba 2026. Ripoti hizi zikiandikwa na washauri wanaokuja na kuondoka, nchi hubaki na kitabu kisicho na watu wanaoweza kukitetea wakaguzi wa kimataifa wanapouliza maswali.

Wakuu wa vyuo wanayo hatua ya kuchukua bila kusubiri mfadhili. Mpeni mhadhiri wa muda mkataba wa miaka mitatu badala ya muhula mmoja, mlipeni saa za maandalizi na usahihishaji, mumpange na mwalimu wa kudumu katika kozi moja, na majedwali ya mazoezi yabaki mali ya idara. Zoezi la kwanza la darasa liwe hesabu ya gesijoto za chuo chenyewe, risiti za AC zikiwemo, na irudiwe kila mwaka na kutangazwa hadharani.